Alama ya Njano Kwenye Paji la Jemadari

Hakuwa na beji. Hakuwa na cheo, maana upolisi aliuanza akiwa konstebo na akaumaliza akiwa konstebo. Hakuwa na ofisi, wala mke tena, wala meno ya upande wa kushoto, wala sikio la kulia la kutegemea. Hakuwa na simu ya kupigia picha. Hakuwa na haki ya kuketi kikaoni na watu wa Ua wa Tara, kwa sababu ukoo wake ni wa wakulima na wao ni Washakya, watengeneza miungu. Na asubuhi ile hakuwa hata na sukari ya chai.

Alichokuwa nacho Jogmuni Byanjankar ni macho mawili mazuri, cheti cha shule ya usiku kilichotiwa fremu juu ya kitanda, na mbwa. Mbwa huyo yeye mwenyewe alimwita Jemadari, ili nyumbani mwake awepo walau mmoja mwenye cheo.

Ilikuwa siku ya mbwa, katika juma la taa. Siku hiyo kila nyumba ya mji wa Patan huoga kwanza, kisha hutoka na sahani: unga mwekundu uliokandwa kwa mtindi na punje za mchele, koja la maua, kipande cha nyama ya nyati, mkate wa pete. Mbwa hupakwa alama kwenye paji la uso, huvishwa, hulishwa, na huombwa radhi kwa mateke ya mwaka mzima. Jogmuni alikuwa na sahani yake tayari. Alifungua mlango ili ampokee Jemadari kutoka kwenye doria yake ya usiku, akamkuta ameketi kizingitini kama bwana harusi: koja shingoni, na alama kwenye paji.

Alama yenyewe ilikuwa ya njano.

"Nani kakugusa?" Jogmuni aliuliza.

Jemadari akapiga mkia.

Jogmuni alichukia. Kumpaka mbwa wa mtu kabla ya mwenyewe kuamka ni kama kumchinjia kuku mgeni wa jirani. Alichuchumaa amtazame vizuri. Koja lilizungushwa shingoni mara tatu, maana lilikuwa refu mno. Lilitungwa kwa ajili ya mlango, si kwa ajili ya shingo ya mbwa. Punje za mchele zilikuwa zimekwisha kudondoka, imebaki rangi kavu tu. Alikuwa bado amechuchumaa aliposikia viatu vikikimbia kwenye matofali ya kichochoro.

Alikuwa Tirthamaya, mke wa Asharatna Shakya. Nywele hakuzifunga, na shuka lake la begani liliburuta chini.

"Baba, umeshasikia?"

"Mimi husikia kwa sikio moja, binti yangu. Kaa chini. Anza mwanzo."

"Mama Tara ameibwa hekaluni."

Jogmuni alisimama.

"Ni juma la zamu ya mume wangu kumlinda," Tirthamaya alisema. "Alfajiri alishuka kumwosha uso, akakuta kufuli wazi na kiti kitupu. Kufuli halikuvunjwa. Funguo ziko mbili tu. Mmoja anao yeye kiunoni. Wa pili uko kwenye kibweta cha chama cha ua wetu, na kibweta kina muhuri, na muhuri ni mzima. Sasa baba, nani mwizi? Hata mtoto atajibu."

"Polisi?"

"Inspekta amesema sikukuu ikiisha watakuja. Lakini chama hakingoji sikukuu. Wanakaa leo, kabla taa hazijawashwa. Wanataka kumfuta jina." Alifuta uso kwa ncha ya shuka. "Mama mkwe yuko juu, hali chakula tangu juzi. Ulimi umekuwa mzito. Jina likifutwa leo na yeye akafa kesho, nani atambeba mpaka mtoni kuchomwa? Mimi na wanangu wa kike?"

Jogmuni hakuhitaji kuelezwa zaidi. Katika Patan mtu anaweza kuishi bila kazi, bila nyumba, na hata bila akili. Bila chama cha ua wake hawezi kufa.

"Sina cha kukupa," Tirthamaya alisema.

"Nimekuomba?" Jogmuni alivaa koti, akachukua fimbo, akaweka kofia yake ya maua kichwani kwa kuinamisha kidogo kulia, kama alivyofanya katika utumishi wake wote. "Jemadari! Kazini."

Ua wa Tara ni wa matofali, nyumba pande nne, na hekalu dogo katikati ya ukuta wa mashariki. Mama Tara alikuwa akikaa humo nyuma ya mlango wa wavu wa shaba, kimo cha shubiri mbili, shaba iliyochovywa dhahabu. Miguu yake ilikaribia wavu, na watu waliingiza vidole kumgusa. Jemadari naye kila alfajiri aliingiza ulimi. Wali na samli alivyopakwa Mama miguuni vililiwa na yeye, na kila mlinzi wa zamu alimfukuza kwa ufagio, na kila kesho alirudi. Wazee walikwisha kulijadili jambo hilo kikaoni na kuamua kwamba kama Mama angechukia angesema.

Leo Jemadari alikwenda mbio mpaka mlangoni, akaingiza ulimi, akautoa. Akamtazama Jogmuni.

"Naona," Jogmuni alimwambia. "Hayupo."

Asharatna alikuwa ameketi ngazini, mtu wa makamo, mfua fedha, mabega yamemwanguka. Nguo zake za zamu zilikuwa nyeupe na safi. Alipomwona mbwa akikaribia alirudi nyuma haraka.

"Mtoe, mzee. Siruhusiwi kugusa mbwa mpaka zamu iishe."

"Hata leo?"

"Leo zaidi."

"Ulilala wapi?"

"Juu ya mlango, chumba cha mlinzi. Fataki zililia mpaka usiku wa manane, halafu vijana wakaimba hapa uani mpaka nikaziba masikio kwa pamba."

"Kwa hiyo hukusikia kufuli."

"Nisingesikia hata tembo."

"Usiwaambie hivyo kikaoni," Jogmuni alisema, akainama mlangoni.

Kufuli lilikuwa zima, halina mkwaruzo. Ndani, kando ya kiti kitupu, palikuwa na kibakuli cha mtindi kilichojaa, na sahani ya shaba aliyoiandaa Asharatna jioni kwa ajili ya alfajiri. Vilima viwili vya unga vilikaa juu yake. Kimoja chekundu, laini, ncha yake kama ya mlima, hakuna aliyekigusa. Cha pili cha njano, kimechimbwa vidole vitatu.

"Hii ya njano ni nini?"

"Sandali na zafarani. Ni ya Mama peke yake. Haitoki humu."

"Uliichimba wewe?"

"Sijagusa kitu. Nilipoona kiti kitupu nilipiga kelele tu."

Jogmuni aliinua kidevu cha Jemadari, akanusa paji lake. Sandali, na chini yake harufu ya mbali ya zafarani. Jemadari alidhani anabusiwa, akamlamba pua.

Wazee wa chama walikuwa wamekwisha kukusanyika chini ya kibanda cha uani. Mzee Mkuu Dharmasundar, ambaye shingo yake ilitikisika lakini sauti haikutikisika, alimpungia mkono.

"Jogmuni, unatafuta nini kwa Washakya?"

"Mungu wenu, Mzee Mkuu. Mmemweka vibaya."

Mmoja akacheka, kisha akajizuia. Mzee Mkuu hakucheka. "Bekhaman, mwonyeshe kibweta, aende zake."

Bekhaman Shakya alikuwa msubu, fundi wa kuyeyusha shaba na kumimina sanamu, mikono mipana, nguo nyeupe tupu na kofia nyeupe ya matanga. Baba yake, aliyekuwa mweka kibweta kabla yake, alifariki wakati wa kupandikiza mpunga. Alikileta kibweta kwa mikono miwili. Juu ya tundu la kufuli palikuwa na bonge la nta ya kahawia, na ndani ya nta alama ya chama, ua la yungiyungi, kamili.

"Muhuri mzima," Bekhaman alisema. "Wazee wote wameuona."

"Nimeuona na mimi," Jogmuni alisema. Alikuwa ameuona. Akamfuta Bekhaman kichwani mwake, kama mwalimu anavyofuta ubao, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa kukosa sukari.

Jemadari alikwenda akanusa mkono wa Bekhaman. Bekhaman aliurudisha mkono nyuma ya mgongo, kisha akaangalia paji la mbwa, akawageukia wanawake waliosimama na sahani zao.

"Mama zangu, mbwa wa mzee mbona hajapakwa vizuri? Leo siku yake. Mpakeni nyekundu, msimwache hivyo."

Wanawake wawili wakaja na vidole vimekwisha kuchovywa. Jogmuni akavua kofia yake, akamvisha Jemadari mpaka kwenye nyusi.

"Mbwa huyu maua mpeni, vyakula mpeni," alisema. "Kichwa, hapana."

"Mzee, unamnyima baraka!"

"Anazo. Zimejaa. Ndiyo maana nimezifunika."

Uani pote wakaangua kicheko, kuona kofia ya heshima juu ya mbwa na upara wa Jogmuni ukimeremeta juani. Jogmuni alitoka kwa hatua za gwaride. Mwanaume wa Patan hatembei kichwa wazi siku ya sikukuu, lakini ushahidi ni ushahidi.

Nyuma yake Tirthamaya alikuwa akimkimbilia. "Baba, umepata nini?"

"Sikiliza. Mtu aliyeingia usiku alikuta mbwa mlangoni. Hakumpiga, hakumfukuza. Alimpaka, akamvisha koja la mlango, ndipo akafanya wizi wake. Sasa, kwenye sahani kuna nyekundu na kuna njano. Mbwa hupakwa nini?"

"Nyekundu. Hata mtoto anajua."

"Huyu akaacha nyekundu iliyo karibu na mkono, akachukua njano ya mungu. Nani katika mji huu hagusi nyekundu?"

Tirthamaya alisimama katikati ya njia. "Mwenye matanga. Mwaka mzima."

"Tafuta nguo nyeupe, binti yangu. Tumpate aliyefiwa ambaye pia ana uwezo juu ya kufuli."

Kuvuka Patan na mbwa siku hiyo si jambo la haraka. Kwenye mabomba ya mawe, ambako maji hutoka vinywani mwa mamba wa shaba, wasichana walimpa Jemadari koja la pili. Mbele ya hekalu lenye paa nyingi, muuza mishumaa alimpa la tatu. Mchinjaji, ambaye mwaka mzima humrushia mawe, alipiga magoti akampa ini zima.

"Nisamehe, bwana mkubwa," mchinjaji alimwambia mbwa.

"Amesamehe," Jogmuni alisema. "Kesho usianze tena."

"Kesho ni kesho, mzee. Na hiyo kofia vipi? Ameoa?"

"Amepandishwa cheo."

Kila ua walioingia Jogmuni aliuliza vilevile: nani kavaa nyeupe hapa, tangu lini? Alitajiwa mjane mmoja aliyeshindwa kupanda ngazi. Alitajiwa ndugu wawili waliokuwa safarini. Mwisho muuza chai wa kona ya mtaa wa vyungu akasema, "Suryabir, mfua shaba. Na nikwambie siri ambayo si siri? Lile kufuli la Tara alilifua yeye, mwaka juzi."

Tirthamaya alimshika Jogmuni mkono. "Ni yeye!"

"Ni mtu mwenye nyundo," Jogmuni alisema, lakini alianza kwenda kwa kasi.

Mtaa wa wafua shaba leo ulikuwa kimya, nyundo zimevishwa maua. Suryabir Tamrakar alikuwa ameketi mlangoni kwake, mnene, kanzu nyeupe, viatu vya kitambaa, glasi ya chai ya rangi mkononi. Yeye na Jogmuni walikwisha kucheza kamari pamoja ujanani na hakuna aliyewahi kumsamehe mwenzake.

"Konstebo!" Suryabir alisema. "Wamekunyang'anya mpaka kofia?"

"Nimeiazima kwa mkubwa wangu. Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kitandani, na goti langu. Unataka kulihoji goti?"

"Kufuli la Tara ulilifua wewe."

"Nililifua. Na likifunguliwa bila ufunguo nitalila bila chumvi."

"Ulibakiza ufunguo?"

Suryabir aliiweka glasi chini. Mzaha ulimtoka. "Jogmuni, mimi nimefua kufuli za mahekalu tangu sharubu zangu nyeusi. Funguo zilitoka mbili, wazee watatu wanaangalia, na kalibu nikaivunja mbele yao. Ukinitukana mimi sawa, tumezoeana. Kazi yangu usiitukane."

"Sijaitukana. Naiuliza."

"Basi imekujibu."

Binti yake Suryabir alitoka na bakuli. "Baba, kula kidogo. Tangu asubuhi chai tu." Akampa mchele uliopondwa, na juu yake mtindi mzito, mweupe, wa mtungi wa udongo. Suryabir akachovya vidole akala.

Jogmuni alitazama bakuli. Alitazama chai ya rangi.

"Umeacha maziwa."

"Si nimefiwa na mama? Maziwa ni ya mama. Mwaka mzima siyagusi."

"Na mtindi unakula."

"Mtindi wanauacha waliofiwa na baba. Konstebo, shule ya usiku hawakuwafundisha hili? Au mlikuwa mmelala?"

Jogmuni alimvuta Jemadari karibu, akainua kofia. Rangi ilikuwa bado pale, kavu kama vumbi. Alipitisha ukucha pembeni, ikapukutika. Ndiyo maana mchele ulidondoka. Alama iliyokandwa kwa mtindi hushika mpaka jioni. Hii ilikandwa kwa maji matupu. Na pale hekaluni, mtindi wa Mama ulikuwa kwenye kibakuli kando ya sahani. Alikiona kimejaa mpaka ukingoni na hakukipa thamani.

"Si nyekundu, si mtindi," alisema polepole. "Aliyefiwa na baba."

"Katika mtaa wetu ni mmoja tu," Tirthamaya alisema, kisha akaufunga mdomo kwa kiganja.

"Bekhaman," Suryabir alisema. "Lakini yeye ana kibweta chenye muhuri. Baba yake alikitia muhuri wa lakiri mbele ya umati, nilikuwepo. Lakiri nyekundu kama jogoo."

Jogmuni alirudisha kofia juu ya paji la mbwa na kuinyoosha vizuri.

"Nyekundu?"

"Mimi ndiye niliyeshika mshumaa."

"Leo asubuhi," Jogmuni alisema, "ilikuwa nta ya kahawia. Wazee wote walitazama kama muhuri ni mzima. Na mimi nikatazama hivyohivyo. Hakuna aliyetazama rangi." Akamwinamia Suryabir, akakutanisha viganja vyake mbele ya kifua, jambo ambalo hakulifanya tangu enzi za kamari. "Kufuli lako ni zuri."

"Najua," Suryabir alisema. "Nenda."

Karakana ya Bekhaman iko nyuma ya Ua wa Tara, kupitia mlango mfupi unaomlazimu kila mtu kuinama. Ndani mlikuwa na harufu ya nta na udongo uliochanganywa na samadi. Bekhaman alikuwa peke yake, mafundi wake wamekwenda kwao kwa sikukuu. Rafu zilijaa sanamu za Tara tu: wakubwa, wadogo, waliochovywa dhahabu na waliokuwa bado wekundu wa shaba, wote mkono wa kulia umefunguliwa, wote wakitabasamu tabasamu lilelile.

"Mzee," Bekhaman alisema bila kusimama. "Kikao kinaanza."

"Hakitaanza bila mweka kibweta. Asharatna alilala wapi usiku wa jana?"

"Sijui. Mimi nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa ukifanya nini?"

"Kazi."

"Siku za sikukuu moto wa karakana huzimwa. Kazi gani?"

Jogmuni akatembea mbele ya rafu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua kikosi. Kama Mama alikuwa humo, zafarani ilikwisha kufutwa na maua kutolewa, na mtu aliyesoma sana angeweza kusimama pale mpaka kesho akitafuta uzee katika nyuso zile. Jogmuni hakujisumbua. Alivua kofia kichwani kwa Jemadari, akaivaa mwenyewe, akaiinamisha kidogo kulia.

"Jemadari," alisema. "Kifungua kinywa."

Mbwa alinusa rafu ya chini. Akapita kubwa zilizong'aa, akapita ndogo za shaba. Kwenye pembe, nyuma ya sanamu mbili zisizo na mikono, palikuwa na Tara mmoja aliyepakwa udongo mwembamba kama anayesubiri kung'arishwa. Jemadari akaingiza pua, akatoa ulimi, akamlamba miguu. Akalamba bila haraka, kwa mazoea, macho amefumba nusu. Udongo ulitoka, na chini yake vidole vya Mama vilionekana, vimelainika kwa kuguswa na mababu wa kila mtu wa ua ule.

Tirthamaya alipiga magoti pale pale juu ya udongo.

"Ningemrudisha," Bekhaman alisema.

"Lini?"

"Leo usiku. Nilitaka saa chache tu za kumpima." Alisimama, akaondoa kitambaa juu ya benchi. Chini yake alikuwapo Tara wa nta, kimo kilekile, bado hana mkono wa kushoto, uso umekwisha. Jogmuni alizaliwa Patan na ameona sanamu tangu hajajua kusema, na hata hivyo alisogea karibu kuutazama uso ule.

"Baba aliwaomba mara tatu," Bekhaman alisema. "Wamtoe nje siku moja, ampime, amsubu mwenzake, ili huyu apumzike na watu wasimmalize kwa vidole. Mara tatu walimkataa. Mungu hatoki nyumbani kwake, walisema. Alikufa na vipimo vya kukisia. Mwaka wake ukiisha nilitaka nimweke hekaluni wa pili, kwa jina lake. Patan yote ione mkono wa baba yangu ulikuwa mkono gani."

"Umeona mkono wake kwenye huyu?"

"Baba alikuwa bora zaidi."

"Basi alikuwa hatari," Jogmuni alisema. "Na mbwa?"

"Aliketi katikati ya mlango akiniangalia. Ningefanyaje? Baba yuko njiani. Mwaka haujaisha. Kule anakokwenda, mlangoni kwa Yama, mungu wa wafu, anayelinda ni mbwa. Usiku wa kuamkia siku yake nimpige teke mjumbe, halafu baba yangu afike pale aulizwe ni baba wa nani?"

"Kwa hiyo ukamwogopa mbwa wangu."

"Nilimheshimu."

"Asharatna hukumheshimu." Jogmuni hakupaza sauti. "Ulisimama na kibweta mbele ya wazee, ukasema muhuri mzima. Mama yake amelala kule juu, ulimi mzito. Wewe unamtengenezea njia baba yako, na mama wa mwenzako unamnyima wabebaji. Yama atauliza hilo pia."

Bekhaman aliketi. Mikono yake mipana ilitafuta kitu cha kushika juu ya benchi, ikakosa.

"Unawaambia wewe au mimi?"

"Mimi sina haki ya kusema kikaoni. Ukoo wangu si wenu." Jogmuni alivuta kigoda. "Lakini barua ya mweka kibweta husomwa kabla ya neno lingine lolote. Nimeishi jirani na ua wenu maisha yangu yote. Chukua kalamu."

Bekhaman aliandika. Jogmuni alisimama nyuma yake akisoma kila mstari, midomo ikitembea kidogo.

*Kwa Mzee Mkuu na ndugu wote wa Ua wa Tara. Mama nilimchukua mimi, Bekhaman. Ufunguo niliutoa kibwetani na nikakitia muhuri upya. Asharatna hajui lolote. Mama yuko salama karakanani kwangu, njooni mmchukue kwa ngoma. Asubuhi mliniuliza nami nikawajibu uongo. Adhabu yangu isimfikie baba yangu.*

"Ongeza," Jogmuni alisema. "Alipatikana na nani?"

Bekhaman alimtazama, kisha akamtazama mbwa, akaandika: *Alipatikana na Jemadari.*

"Vizuri. Tia muhuri."

Jogmuni alikuwa ameiona fimbo ya lakiri nyekundu kwenye kikombe cha kalamu. Aliichukua, akaisogeza. Bekhaman alikunja vidole vyake ndani ya viganja.

"Nitie mimi?" Jogmuni aliuliza.

"Hapana. Barua ni yangu." Akafikia sahani ya nta yake, ile ya kahawia anayofinyangia miungu kabla ya kuisubu, akaishika juu ya mshumaa mpaka ikalegea, akaidondosha kwenye mkunjo wa karatasi na kugandamiza ua la yungiyungi. "Wakiiweka kando ya kibweta," alisema, "wataona."

"Safari hii wataangalia rangi," Jogmuni alisema.

Aliipuliza ipoe, akampa Tirthamaya. Yeye alifunga nywele zake kwanza. Alikung'uta udongo magotini, akavuta shuka begani, akaipokea barua kwa mikono miwili.

"Kuna njia ya nyuma," Bekhaman alisema. "Ni fupi."

"Nitapita uwanjani," Tirthamaya alisema. "Waliniona nikikimbia asubuhi. Wanione na sasa."

Akainama kwenye mlango mfupi, akatoka. Jemadari, makoja yote shingoni na njano bado kwenye paji, alimtangulia bila kuambiwa, na watu kwenye mabomba ya mawe wakawapisha njia.